Stuli Inayokatwa Miguu

Jumapili, 2 Februari

Mwanangu kifungua mimba,

Zipokee salamu zangu ukiwa umekaa, na miguu uiweke juu ya kitu, maana msusi mwenye mimba anayesimama kutwa nzima ni lazima aambiwe. Hamjambo huko? Huyo wa tumboni anacheza? Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kulia. Limepasuliwa, likatiwa vyuma, likashonwa kama gunia. Daktari anasema operesheni imekwenda vizuri. Mimi nasema aje alale nalo yeye.

Unalalamika kwamba nikiongea na simu naongea kama karani. Nifanyeje? Baba yako anakuwa amekaa ubavuni kwangu, sikio limesimama. Kwa hiyo ya kumsengenya yeye nitayaandika, barua nitampa jirani yetu dereva wa basi, nawe utanijibu kwa njia hiyo hiyo.

Haya, sikia. Waliponiruhusu kutoka hospitali, muuguzi alimwambia baba yako kwamba kwa siku za mwanzo nisikae mahali pa chini. Basi, maneno hayo tu. Hakujua anamwambia seremala mwenye karakana uani. Kesho yake nilikuta kitanda kimewekewa magogo, viti vya sebuleni vimeungwa miguu, na meza imepanda kuvifuata viti. Choo amekijengea kiti cha enzi. Stuli yangu ya jikoni ameitupa kando, akanitengenezea nyingine ndefu, nikikaa naona juu ya kabati. Shangazi yako alikuja kunijulia hali, akanywa chai miguu inaning'inia. Nilicheka mpaka nyuzi zikanikataza.

Ahadi yangu iko pale pale. Mumeo yuko barabarani na lori lake, sitakuacha ujifungue halafu ubaki peke yako. Nitakuja, nitakaa chini na beseni, nimwogeshe mjukuu wangu kwa mikono hii hii iliyokuogesha wewe.

Ni mimi,
Mama yako


Jumatano, 12 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na goti nalo shikamoo, maana naona sasa ndilo lenye nyumba. Mimi sijambo, ila mguu umevimba na kiatu kimekataa, nasuka watu nikiwa na ndala. Mtoto anapiga mateke mpaka wateja wanayahisi mgongoni. Jana mmoja aligeuka akaniuliza kama nina haraka.

Nimesoma habari za baba mara tatu, na mara zote nimecheka peke yangu. Mwambie nampenda, lakini asijue kwa nini.

Mama, kuhusu kuja, tuseme ukweli. Lifti ya jengo hili ilikufa kabla sijahamia na hakuna anayetaka kuizika. Naishi ghorofa ya nne. Hata mimi nikipanda napumzika njiani mara mbili, nikijifanya natafuta funguo. Sitaki uje uharibu kazi ya daktari kwa ajili yangu. Nitatafuta mtu wa kunisaidia.

Lakini sitakudanganya, naogopa. Nimeshika vichwa vya watu sijui wangapi katika kazi hii, ila kichwa cha mtoto mchanga sijawahi kukishika.

Ni mimi,
Mwanao


Jumamosi, 1 Machi

Mwanangu,

Hujambo wewe na mzigo wako? Mimi sijambo, na leo nina mengi, kwa hiyo weka chai kabisa.

Goti lilikuwa limegoma. Kidonda kimepona vizuri, natembea na mkongojo mpaka getini, lakini kukunja ndiyo hapana. Basi hospitali wakamtuma dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Mwembamba, ana sauti ndogo, na hana huruma hata chembe. Nimempa jina la Kunja-Nyoosha. Aliingia, akapanda kiti cha sebuleni kwa kukirukia, akatazama chini, akauliza, "Nani kaiinua nyumba hii?"

Baba yako akavuta kifua mbele. "Mimi."

Yule dada hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba urefu ule ulikuwa wa siku za mwanzo tu, na kwamba goti sasa limezoea starehe, halina sababu ya kujikunja. Tukiliacha hivi hivi litakakamaa, na ngazi nisahau. Nikakuona wewe huko juu, ghorofa ya nne, na mtoto mikononi. Moyo ukanishuka.

Baba yako akatoka, akajifungia karakanani. Nikajua amenuna. Aliporudi alikuwa na msumeno mkononi na penseli sikioni, na macho mekundu. Alisema ni vumbi la mbao. Mwanangu, huyu mtu amekula vumbi hilo tangu ujana wake na halijawahi kumliza. Akamuuliza Kunja-Nyoosha, "Nikate kiasi gani?" Akajibiwa kidogo kidogo, kila nikiweza kukaa na kuinuka bila kushika kitu.

Basi hiyo ndiyo kazi yetu sasa. Kitanda na viti amevishusha siku ile ile, ila stuli ndefu ameiacha iwe kipimo. Asubuhi nakunja mikono kifuani, nakaa, nainuka. Yeye anasimama pembeni kama refa. "Rudia," ananiambia, "nisije nikakata bure." Nikifaulu anaipindua stuli na kukata kila mguu kipande chembamba kama biskuti. Nikishindwa hakati, na siku hiyo hatusemeshani mpaka chai ya jioni. Juzi nilimwomba anionee huruma. Akaniambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, naye ameshalia tayari, zamu yake imekwisha.

Ngazi nafanyia mazoezi pale barazani. Kunja-Nyoosha amenifundisha: kupanda, mguu mzima kwanza; kushuka, mgonjwa kwanza. Nayasema kwa sauti ili nisichanganye. Shangazi yako anadhani nasali.

Ni mimi,
Mama yako anayepungua kimo


Alhamisi, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti halijambo? Refa hajambo?

Barua yako niliisoma kazini na wateja wakataka waisomewe. Tangu hapo kila aliyeingia aliuliza, "Stuli imefika wapi?" kabla hata hajaniambia anataka msuko gani. Nijibu basi, nina watu wanaosubiri.

Mkunga anasema ni wakati wowote kuanzia sasa. Nimeacha kazi tangu jana, na beseni nimenunua, la bluu. Liko sakafuni, nalitazama, nalo linanitazama. Mume wangu kapakia mzigo wa mbali, hatarudi mapema. Usije, mama. Nasema hivyo kwa mdomo, sijui moyo unasema nini.

Mwanao


Ijumaa, 4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umepata mjukuu, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuuza samaki. Ana vidole virefu kama vya baba. Jirani wa chini ndiye aliyenipeleka hospitali na kunirudisha.

Hayo ndiyo ya furaha. Sasa nina hasira. Barua yangu hujaijibu. Kila nikipiga simu baba anasema, "Mama yako amelala." Nimepiga asubuhi, umelala. Mchana, umelala. Jana jioni, umelala, na nikasikia anavyoharakisha kukata simu. Mama gani analala namna hiyo? Kama ulianguka niambie. Kama goti limeharibika niambie, sitalia. Mtoto bado sijamwogesha, nampangusa tu kwa kitambaa. Nilitaka nikuulize unamshikaje shingo, na sasa sijui hata

Jumamosi

Mama, barua hii naimalizia ukiwa chumba cha pili, kwa sababu umesema barua iliyoanzwa haiachwi njiani.

Nilisikia sauti kwenye ngazi. Pumzi, halafu "mzima kwanza," halafu pumzi tena. Nilifungua mlango na kalamu mkononi. Dereva wa basi alikuwa mbele na stuli kichwani, wewe nyuma, jasho linakutoka, na kabla ya salamu ukauliza kama maji ya moto yapo. Kumbe ulikuwa safarini, unalala njiani ili goti lipumzike, na baba amebaki nyumbani apokee simu na kudanganya. Mnafanana nyie wawili.

Uliiweka ile stuli, sasa fupi kama kigoda, mikono ukaikunja kifuani, ukashuka polepole mpaka chini kabisa, karibu na beseni. Ukanyoosha mikono nikupe mtoto. Hapo ndipo nilipolia, na ukaniacha nilie.

Baadaye ukafungua mfuko aliokupa baba. Vipande vyote vya miguu ya stuli, amevipiga msasa, amevifuta pembe, viwe vya mjukuu kuchezea. Nilikuuliza ilianzia urefu gani. Tulivirudisha chini ya miguu, kimoja juu ya kingine, stuli ikapanda, ikapita goti langu, mnara ukaanza kuyumba na tukaushika kwa mikono minne, tunacheka, mtoto anatushangaa. Sikujua ulikuwa umetoka mbali kiasi hicho, mama. Asante.

Simu inaita. Ni baba, anataka kujua kama umefika. Nitamwambia mama amelala, na safari hii ni kweli.

Mwanao