Nyumba ya Kalamba na Mtoto Niliyemficha

Kalamba, Makueni
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye jua. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Murang'a? Na yule ng'ombe mkaidi, ameshazaa? Mimi ni mzima. Nimekuwa mweusi kidogo, na ninakula ndengu kuliko nilivyodhani binadamu anaweza. Nimekutumia gunia dogo, na barua hii nimeitia ndani yake kwa sababu simu yako siku hizi inapokewa na huyo mwanangu Shiko, naye huiweka spika hata kabla sijasema haloo. Haya ninayokuandikia si ya masikio yake.

Mama, nimepata nyumba!

Unakumbuka tulikubaliana Shiko abaki kwako mpaka nipate pa kukaa, kisha muhula ujao aanze shule huku kwangu. Muhula umekaribia kuisha na mimi bado nalala kwa mwalimu mwenzangu, kitanda kimoja, miguu yake usoni pangu. Nilidhani soko dogo hivi nyumba zitakuwa za kuokota. Wapi! Ploti za kupangisha ni chache, na mwenye ploti akisikia neno mwalimu, bei inapanda papo hapo. Zile ninazoziweza hazitaki watoto. Shida ni maji. Tanki ni moja, wapangaji ni kumi, na mtoto akisahau kufunga mfereji watu wote wanalala bila kuoga. Milango miwili nilisema ukweli, na yote miwili nyumba "ikachukuliwa" nikiwa nimesimama pale pale. Broka mmoja kijana akanionea huruma. "Ticha, wakikuuliza, sema hauna mtoto. Ukishaingia, nani atakutoa?" Nikaona ni akili.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisa lililo karibu na shule. Wageni wakaambiwa wasimame, wasalimie, watoe na maombi yao. Nikasema Bwana asifiwe, mimi ni mwalimu mpya, ombi langu ni nyumba ya kupanga. Mama, niliombewa! Mikono juu, wazee kwa vijana, na mzee mmoja akawa anamkumbusha Mungu kwamba nyumba yenyewe iwe na maji. Ibada ikaisha, tukasalimiana, kila mtu akaenda zake. Hakuna hata mmoja aliyesema anajua nyumba. Nilicheka njia nzima.

Jumanne nikaitwa langoni pa shule. Alikuwa mama mzee ambaye wote humwita Susu, yaani nyanya.

"Wewe ndiye ule mwalimu tuliombea nyumba?"

"Ndiyo, Susu."

"Kuja uone."

Tulitembea kama dakika ishirini. Mwanawe alijenga nyumba katika boma la mama yake, kama desturi ilivyo, lakini kazi na familia yake viko Emali, kwa hiyo nyumba inafunguliwa Krismasi tu. Vyumba viwili, jiko nje, tanki lake pekee. Kodi ni nusu ya ile ya sokoni. Nilijikaza nisionyeshe meno.

"Na uko na mtoto?" akauliza.

"Hapana, Susu. Niko peke yangu."

Ulimi ulijibu kabla yangu. Uso wake ukaanguka. "Basi pole, mwalimu. Watu wa peke yao nimekataa wawili tayari. Nilikuwa nataka nisikie mtoto hapa. Wajukuu yangu wote wako mbali." Akaketi, akachukua ungo, akaanza kupepeta ndengu zake kana kwamba nimeshaondoka.

Njia ya mwongo ni fupi, Mama, lakini yangu haikufika hata barabarani. Nilisimama kwenye ua nikaona aibu ya kweli. Si kwa ajili ya nyumba, ingawa nyumba niliililia. Nilirudi nikapiga magoti mbele ya ule ungo, nikamwambia nina msichana wa miaka sita, na kwamba nimemficha kwa sababu ya maji ya watu.

Hakuinua kichwa. "Anaitwa nani?"

"Wanjiku, ila tunamwita Shiko. Ni jina la mama yangu."

"Kumbe leo umekana watu wawili."

Hapo nililia, Mama. Naomba unisamehe kwa jina lako. Yeye aliniacha nilie, kisha akanisogezea ungo. "Pepeta. Na ukipepeta vibaya nitakuona." Tulipomaliza akasema nyumba ni yangu, ila ufunguo hatanipa mimi, maana mimi si mtu wa kuaminiwa mlangoni. Atampa mtoto mwenyewe, mkononi.

Kwa hiyo shule zikifungwa Ijumaa, tafadhali mlete Jumamosi. Nitawangojea stejini, mtakaposhukia gari. Mfungashie sweta moja tu, huku halitakiwi. Na wewe ulale siku mbili tatu, Susu ameshasema anataka kuona mwenye jina.

Nisalimie kaka Kamau anayekukamia ng'ombe, shangazi wa ng'ambo ya mto na magoti yake pia, na mwalimu wa Sunday school aliyenifunza kusoma. Shiko mwambie tu kwamba kuna nyumba inamngoja. Hayo mengine nitamweleza mwenyewe akikua.

Ni mimi binti yako, na mtu yeyote akiniuliza tena,

Mama Shiko.