Kona ya Kwetu

Eden Prairie, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila theluji imetuchosha. Afya yako je?

Mchoro wa barabara ya kijiji mlioniomba ninyi wa kanisani uko tayari. Pale kwetu itachukua mistari miwili ya chai yako. Gari likitoka paliponyooka haliingii kona mara moja. Lazima kona ianze kwa upole na kukaza polepole, dereva apate nafasi ya kuzungusha usukani. Kipande hicho cha upole ndicho kinachokula shamba.

Mwanao, Muriuki

Meru, 20 Machi

Mwanangu,

Nashukuru Mungu, sijambo. Chai ile niliipanda na marehemu baba yako. Sitaki watu waseme mtoto wangu ndiye aliyening'olea. Wewe ni injinia, hukosi namna. Chora kona fupi.

Mama

Eden Prairie, 24 Machi

Mama,

Natumaini u mzima. Nimekiondoa kile kipande. Shamba halitaguswa. Wekeni kibao cha kupunguza mwendo. Mchoro huu nisingethubutu kumwonyesha mtu hapa ofisini.

Mwanao

Meru, 9 Novemba

Mwanangu,

Wajukuu wangu hawajambo? Huku si kwema. Nkirote, binti wa jirani yetu Keziah, ameanguka na boda pale kwetu, kwenye kona mpya. Pikipiki ilishindwa kupinda ikaingia mtaroni. Daktari anasema hatatembea sawa tena. Wote wanamlaumu dereva, eti kona ya injinia wa Amerika haina kosa. Nami sijawaambia kuhusu kile kipande ulichoondoa.

Mama

Eden Prairie, 10 Novemba

Mama,

Hatujambo, lakini aibu imenijaa. Nilijua, na bado nikachora. Dereva hana kosa. Natuma mchoro wa kwanza. Tafadhali ng'oa chai, na umwambie Keziah ukweli.

Muriuki wako

Meru, 28 Novemba

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Chai nimeing'oa. Keziah alimwacha Nkirote kitandani akaja na jembe kunisaidia. Akasema hajaona jirani kama mimi, wa kutoa shamba kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nikaishia kumpa uji, akanishukuru kwa huo pia.

Jumapili atasimama kanisani anishukuru mbele ya watu. Mpigie wewe kabla ya hapo. Mimi sina uso.

Mama yako