Chupa Iliyolala na Sangara

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Sukari ya mama asubuhi: 23. Tena. Dozi ya insulini imepandishwa mara mbili tangu Julai, haishuki. Nimemkuta jikoni kashika kiazi kitamu, nikafoka. Nikamwambia anajiua kwa tamaa. Akasema alikuwa anamenyea wajukuu. Sikumwamini. Mtu mzima, miaka sitini na moja, kila siku yupo mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, hapa Kamanga, anauza sangara — na mimi nampekua mifukoni kama mwizi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimevuka na kivuko kwenda mjini kumchukulia mama dawa. Mfamasia ni dada wa Kihindi, anaitwa Shruti. Mwembamba, anaongea polepole, Kiswahili chake cha hapa hapa Mwanza. Mimi nilitaka dawa tu nirudi. Yeye akasoma kadi ya mama, akaona dozi zinavyopanda, akauliza kama ninayo chupa anayoitumia sasa. Nilikuwa nayo, niliibeba nisikosee aina.

Akaizungusha viganjani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akanionyesha: vipande vyeupe vimenata kwenye kioo, kama maziwa yaliyokatika.

"Hii inalala wapi?"

Kwenye boksi la barafu, nikasema, pamoja na samaki. Tuliambiwa iwekwe baridi.

"Baridi ni sawa. Ikiganda, imeharibika. Mama anajichoma sindano bure, dada."

Miezi miwili! Mama hakuwa anadanganya.

Nikapokea chupa mpya, nikageuka kuondoka. Akaniambia nisubiri. Akampigia daktari wa kliniki palepale: dawa isiyoharibika, kwa dozi ile kubwa, ingeshusha sukari ya mama hadi azimie. Wamekubaliana arudie dozi ya mwanzo, na mimi nimpigie Shruti kila asubuhi nimtajie kipimo. Nisingeliwaza hilo kamwe. Mtu ambaye hajawahi kumwona mama kamwokoa mara mbili katika nusu saa.

Ijumaa, 12 Septemba

Vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga unaloweshwa asubuhi na jioni. Shruti alinichorea kwenye karatasi. Nimekiweka kivulini nyuma ya nyumba, chupa ndani, kitambaa kibichi juu. Baada ya saa chache nikaingiza mkono. Ubaridi wa kweli, bila umeme, bila barafu. Nimeingiza mkono mara nne leo kwa kushangaa tu.

Jumanne, 16 Septemba

11.

Mama kalala usiku kucha bila kwenda chooni. Nilimwomba msamaha wakati anakula. Hakuniangalia. Akasema, "Niongezee mchicha, Odeta." Nikamwongezea.

Jumamosi, 20 Septemba

Shruti kavuka kuja kwetu. Mama ndiye aliyemwambia kwenye simu: si mimi peke yangu, mwanangu, wenzangu wengi hapa wanaweka dawa kwenye barafu. Naandika nimekaa juu ya kreti, mwaloni, kazi yangu ni kuandika majina na hali ya kila chupa.

Kaanza kwa kuwaamkia wote, shikamooni mama zangu. Wakaitikia, kisha wakaanza kufungua mifuko ya plastiki. Chupa sita. Anaiinua kila moja juani, anauliza, anasikiliza hadi mtu amalize. Nne zimeharibika. Hakuna aliyekaripiwa. Wanawake wenye sauti za kuuza samaki leo wanatazama vidole vyake tu.

Wa saba ni Wilhelmina, jirani yetu wa genge. Nikamuuliza chupa yake iko wapi. Akasema hana, yeye haumwi. Akamgeukia Shruti.

"Mume wangu alikuwa anaiweka yake humu humu, kwenye boksi la samaki. Nilimzika mwezi wa tatu. Nilimwambia anakula ovyo, hadi siku ya mwisho nilimwambia hivyo. Ni barafu?"

Shruti kaweka chini chupa aliyoishika. Kavuta kreti, kakaa karibu naye, magoti yanagusana. Mama kaacha samaki wake, anakuja upande huu, anajifuta mikono kwenye kanga.

Nimeshaandika jina la Wilhelmina. Mbele yake sijui niandike nini.