Naunga Mkono Sana

Jumatatu, 7 Julai

Kinoo tena, huku pembeni mwa Nairobi. Mageti na mbwa, mbwa na mageti. Mbwa wa Kinoo wana roho mbaya kuliko wenyewe.

Kazi ni ile ile ya kukusanya maoni. Nabisha, najitambulisha, nauliza nyumba hii inakaa watu wazima wangapi, kisha nachagua mmoja wa kujibu. Halafu maswali kuhusu huu mswada wa ugaidi. Kuna moja linalonichosha: polisi waruhusiwe kumweka mtu ndani bila kumpeleka kortini, wakimshuku tu? Naunga mkono sana, naunga mkono kiasi, napinga, sijui. Nasoma kama kasuku. Hairuhusiwi kukunja uso.

Wanautazama mtandio wangu, kisha wanasema sijui. Mzee mmoja: "Andika tu vile wewe unaona, madam." Ninavyoona mimi! Jioni Karanja, msimamizi wetu, kalalamika kwamba karatasi zangu zimejaa sijui. Nikamwambia labda watu wa Kinoo kweli hawajui. Hakucheka.

Jumatano, 9 Julai

Wamemchukua Faiz.

Hebu niandike vizuri. Faiz, mdogo wangu. Dukani kwake mjini, anakotengeneza simu. Asubuhi, watu wamejaa. Wanaume wanne wasio na sare. Jirani yake wa duka ndiye aliyenipigia. Eti Faiz aliuza laini ya simu kwa mtu wanayemtafuta. Yeye anauza laini kutwa kucha! Amuulize kila mteja anakwenda kumpigia nani?

Kituo cha kwanza: hayupo. Cha pili: hayupo. Cha tatu askari akaniuliza kwanza mimi ni kabila gani, ndipo akasema hayupo. Mama amekaa sebuleni na buibui lake, anangoja waje kupekua nyumba. Hajala kitu.

Na mswada wenyewe bado haujapita. Naogopa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kazini. Nikikaa nyumbani nitapasuka.

Leo mtaa wa Riruta. Mama mmoja mwenye nyumba za kupanga kanikaribisha ndani, kanipa chai na nduma za kuchemsha. Jicho lake moja ni la bandia. Siku ya lile bomu la mjini alikuwa anapita tu, vioo vikamrukia. Nilipofika kwenye lile swali hakungoja nimalize. "Washikwe! Hata mwaka mzima wakae huko. Korti ni ya nini?" Kisha akanigusa goti. "Si wewe nasema, mami. Wewe uko tu sawa."

Nilitaka kumchukia. Nimeshindwa. Lile jicho la bandia lilikuwa linamtoa machozi na yeye anayafuta bila hata kujua, huku akinisukumia nduma nyingine. Nikaandika: naunga mkono sana. Nikamaliza chai yake, nikashukuru, nikaenda kutapika karibu na choo cha wapangaji.

Ijumaa, 11 Julai

Karanja anataka nivue mtandio nikiwa kazini. "Si mimi, Zaituni. Watu hawakuambii ukweli ukivaa hivyo." Ana haki, mshenzi yule. Nimekataa. Basi nipumzike mpaka Jumatatu, kasema.

Sikumwambia habari za Faiz. Angenitazama kama wale wa Kinoo.

Hapa Woodley, mtaani kwetu, majirani wamepotea ghafla. Juzi walijaa sebuleni na pole zao. Leo hata hodi moja hakuna. Polisi nao hawaji kupekua. Kwa nini hawaji? Hawajui kwao Faiz ni wapi? Kila gari likipunguza mwendo nje Mama anasimama.

Jumamosi, 12 Julai

Hodi, asubuhi. Nilikuwa jikoni. Nikasema ndio hao. Kumbe ni mkoba wa ofisi yetu, begani kwa mwanamume nisiyemjua, wa kundi jingine. Leo ni zamu ya Woodley. Nikabaki nyuma ya pazia. Nilidhani Mama atamfukuza.

Akamuuliza nyumba hii inakaa watu wazima wangapi.

"Wawili. Mimi na binti yangu."

"Mwanamume hakuna?"

"Hakuna. Sina mtoto wa kiume mimi."

Akafika kwenye swali lile. Mama akajibu kwa sauti kavu, siijui sauti ile. "Naunga mkono sana. Andika sana. Serikali ndiyo inayojua."

Alipotoka nikampigia Mama kelele, Mungu anisamehe. Huyo ni wa kazi yetu, Mama, si polisi! Akanitazama tu. "Na weye wajuaje nani atayasoma?"

Wiki nzima nawahakikishia watu kwamba majibu yao ni siri, na karatasi zikishatoka mkononi mwangu sijui zinakwenda wapi. Naona aibu. Nimewaita wajinga watu wa Kinoo. Kumbe walikuwa wananiogopa mimi.

Jumanne, 15 Julai

Bado. Wakili tuliyempata anasema tungoje. Tungoje nini?

Redioni watu wanapiga simu kuhusu mswada. Mmoja: kama huna hatia unaogopa nini? Mama akaizima, akaenda kulala mchana. Hajawahi kulala mchana.

Alhamisi, 17 Julai

Faiz amerudi. Walimshusha kando ya barabara alfajiri, bila viatu, bila hata neno. Kafika hapa kwa miguu. Mdomo umevimba, vidole viwili havikunjiki.

Mama kaleta beseni, kaanza kumwosha miguu. Hakumtazama usoni. Baadaye akasema, polepole, "Nilikukana, mwanangu. Alikuja mtu na karatasi, nikamwambia sina mtoto wa kiume."

Faiz akautazama mguu wake ndani ya beseni. Nikaogopa.

"Mimi nami niliwaambia sina mama," akasema. "Kila walipouliza kwetu ni wapi. Nikasema nalala dukani, sina mtu Nairobi. Walinipiga sana kwa hilo."

Ndiyo maana hawakuja kupekua.

Mama akaendelea na mguu wa pili. Maji yalikuwa yamepoa, nikaenda kuchemsha mengine.