Gari la Baba Yako Limevaa Lulu

Nyumbani kwa mama yako,
chumba cha cherehani.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, mama yako mdogo, ambaye kucha zake bado zinang'aa rangi kana kwamba bibi harusi ni mimi. Hujambo huko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Na mchumba wako je, mzima? Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako linalalamika akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Uliposema kwenye simu kwamba tukodi gari la harusi, hili la marehemu baba yako tuliache lilipo, niliitikia tu. Sikutaka tubishane hewani. Lakini wewe hukuliona, mwanangu. Tangu tulipomzika baba yako lilikuwa uani chini ya turubai, matairi yamelala chini, paka amezalia kwenye kiti cha nyuma. Mjomba wako alimleta mtu wa kununua vyuma chakavu. Mama yako akamrudisha mlangoni, kisha akaingia jikoni. Kuliuza hataki, kuliona hataki. Hata nguo alikuwa anaanika upande mwingine wa ua ili asilitazame.

Nikasema moyoni, mimi nawashonea magauni ya harusi watoto wa wenzangu, halafu wa kwetu apande gari la watu? Nikamwambia dada, huyo mama yako, kwamba nitalipaka rangi mwenyewe, hapa hapa uani, tena rangi ya lulu, ile inayogeuka ukiitazama juani.

Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Ukiifuta ile bluu yake, utakuwa umemfuta na mwenyewe."

Neno hilo likanikaa. Nikakibandua kile kifuniko kidogo cha pale pa kutilia mafuta, nikaenda nacho kwa muuza rangi. Akanieleza kwamba rangi ya lulu haifichi kitu. Ni chembe za kung'aa ndani ya rangi nyepesi inayopitisha macho, na kinachoonekana ni kile kilicho chini yake. Akanichanganyia bluu ileile iwe ya chini, na lulu ya kupita juu yake. Nilipomweleza dada, hakusema ndiyo. Ila kesho yake hakuanika nguo, ua ukabaki wazi kwa kazi, na turubai lilikuwa limekunjwa vizuri kando ya ukuta. Mimi nililelewa naye. Hiyo kwake ni ndiyo.

Mjomba wako alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema gari si gauni, na kwamba nitalitia madoa kama chui. Lakini unamjua: kicheko chake hakikumzuia kuleta kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ya karakana yake na bomba la kupulizia, kisha akavuta kiti kivulini ili ashuhudie aibu yangu kwa raha.

Nilikwangua kutu, nikaziba mashimo, nikapiga msasa mpaka mabega yakanikana. Vioo na taa nilivifunika kwa karatasi, na hapo fani yangu ikanibeba, maana aliyezoea kukata hariri hashindwi na kona ya kioo. Nikamwagia ua maji ili vumbi lilale, nikamwomba dada azime jiko, kwani thina ya kuyeyushia rangi na moto si wa kukaa jirani. Nikavaa ile barakoa kubwa yenye vichujio. Mjomba wako akasema nafanana na nzi.

Bluu ilikaa vizuri. Lulu ndiyo iliyonitoa jasho. Nilianza na boneti, nikasimama karibu mno, mkono nao ukajikokota. Ilipokauka ilikuwa na michirizi tangu mbele hadi kwenye kioo. Mjomba wako alitabiri chui, mimi nikampa punda milia. Safari hii hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Sikukata tamaa, mwanangu. Mshono ukienda upande unafumuliwa, hauliliwi. Nikaisugua boneti yote, nikairudishia bluu, kisha nikachukua bati bovu nikafanyia mazoezi mpaka mkono ukaelewa: uanze kutembea kabla rangi haijatoka, usisite njiani, na kila ukirudi ufunike nusu ya njia iliyotangulia, kama unavyolaza kitambaa juu ya kitambaa kabla ya kushona. Iwe nyembamba, ikauke kidogo, kisha nyembamba tena. Nilipoirudia boneti ilitoka laini, na jua lilipoipiga mjomba wako aliinuka kitini.

Nilikuwa nimefika mlango wa dereva nilipomwona dada karibu yangu. Alikuwa amevaa koti kuukuu la baba yako, lile la kutengenezea gari, na barakoa ya akiba ameishika mkononi.

"Huu niachie mimi," akasema.

Akavaa barakoa, nikampa bomba. Nikasimama nyuma yake, nikamshikia mpira wa hewa usiguse rangi. Alikwenda polepole, akirudi na kufunika nusu kama alivyoniona nikifanya, na ndani ya barakoa nilimsikia akizungumza. Hakuwa akizungumza nami, kwa hiyo sikusikiliza. Chini ya kitasa pana sehemu ambapo rangi imejikunja kidogo. Ningeweza kuisawazisha. Nimeiacha, na nimemkataza mjomba wako kuigusa.

Juu ya yote tulipuliza ile rangi ya kukinga, isiyo na rangi yoyote, na ilipokomaa tukaing'arisha. Ukiliona kivulini ni ile bluu uliyokulia. Lisukume juani, linafunguka jeupe kama ndani ya kombe la chaza, lenye uwaridi kwa mbali. Jirani yetu Mzee Redio, ambaye habari yoyote huanzia kwake, alipita, akarudi kinyumenyume, akauliza gari jipya ni la nani. Mjomba wako alijibu, "Letu," kwa kifua kana kwamba kalizaa yeye. Na injini, ni yeye aliyeifufua, tusimnyime haki yake.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Unakumbuka jinsi mama yako alivyokataa kufundishwa udereva na baba yako, miaka yote ile? Basi tangu rangi ikauke, kila jioni yuko nyuma ya usukani na mjomba wako pembeni amejishikilia. Mwanzoni hata kuku walikuwa wanampita. Jana amepewa leseni. Alishuka garini jasho likimtoka, akanipa ujumbe wa kukupelekea: "Mwambie mwanangu asikodi gari, wala dereva."

Mjomba wako anakusalimu, Mzee Redio pia, na mama yako anakubusu kwenye paji. Msalimie sana mkwe wetu mtarajiwa. Mungu akulinde njia nzima, na siku ukishuka, usitafute teksi. Tazama nani yuko kwenye usukani.

Wako akupendaye daima,
Mama yako mdogo