Mbuzi wa Paskalina

Haydom, Mbulu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba baridi ya Songea inakuhurumia. Ya huku haimhurumii mtu, ila mimi ni mzima na nina furaha.

Mdogo wangu ameniambia kuwa unawatangazia wanajumuiya kwamba mimi ni daktari. Hapana, Mama. Mimi ni mratibu wa huduma kwa watu wenye ulemavu. Sitibu wala sifundishi. Namuuliza mtu anataka kuishi vipi, kisha namuunganisha na wanaoweza kumsaidia. Angalau ndivyo nilivyoielewa kazi hii hadi wiki iliyopita.

Kuna binti wa Maretadu, Paskalina, ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Nilimtafutia nafasi ya kujifunza cherehani. Akacheka.

"Dada Anjela, kila mlemavu lazima ashone? Mimi nataka kuuza mbuzi."

Na kweli, mbuzi wa nyumbani kwao anawatunza yeye. Basi nikatafuta fundi wa kukiwekea kiti chake cha magurudumu tairi nene, na mwenye pikapu wa kumfikisha mnadani. Baba yake alikuwa mgumu.

"Mara moja tu," alisema. "Wakimpuuza, asiniombe tena."

Mnadani nilisimama kando yake. Mnunuzi wa kwanza, mzee wa makamo, akanitazama mimi. "Dada, huyu beberu bei gani?" Nami, Mama, nikafungua mdomo kujibu!

"Beberu ni wangu," Paskalina akadakia. Kisha akaninong'oneza, "Dada, nenda kanywe chai. Ukisimama hapa wananiona mgonjwa wako."

Nikaenda. Kwa mbali nikamsikia: "Shikamoo mzee. Haya, mshike mgongo kwanza ndipo tuongee bei. Au ulikuja kutafuta kuku?" Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, akampapasa beberu, wakabishana weee, mwisho akanunua.

Sina hakika kama kuondoka ndiko kulikokuwa kumsaidia; siku nyingine huenda kungekuwa kumtelekeza. Bado nalitafakari. Lakini jioni, tulipokuwa tunampakia Paskalina kwenye pikapu, baba yake, aliyekuwa amekuja nasi, aliinama karibu na kile kiti, akamuuliza binti yake taratibu:

"Mnada ujao tulete yupi?"

Nisalimie Baba, shangazi anayekuuguza goti, na mdogo wangu, mwambie asome. Nawakumbuka nyote, na nalala vizuri.

Binti yako,
Anjela