Balozi Hatafika Septemba

Nyumbani, Kirumba,
Mwanza.
Jumatano, 18 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nathaniel,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, umekula, na kile kikohozi cha baridi ya Songea kimekuachia. Je, sweta ilifika? Kama mikono imekuwa mifupi usione aibu kusema. Niliikadiria kwa kichwa tu, na kichwani mwangu wewe bado una miaka kumi na sita.

Huku tunaendelea. Elias ametimiza miezi saba, ana meno mawili na anajua kuyatumia, muulize kidole changu. Nice yuko chekechea, siku hizi anahesabu kila kitu. Anasema ngazi za mawe kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu ni sitini na mbili. Baba yake anasema hamsini na nane, wamegombana wiki nzima. Shemeji yako Ngosha bado anaunda mitumbwi pale Mwaloni. Kiuno kinamsumbua lakini misumari anapiga. Mama huko Muleba hajambo, anasema migomba mwaka huu imempendelea. Mimi ni mzima. Nimechoka, lakini ni mzima.

Najua umeiruka mistari yote hiyo unamtafuta mbwa wako. Rudi ukaisome kwanza, ndipo uendelee hapa chini.

Balozi hatapona, Nathaniel. Nimelitanguliza hilo ili usisome ukurasa mzima unatafuta mahali pa kutumaini, maana nami nimepatafuta na sikupaona. Uvimbe umerudi. Ulianza kurudi mwezi wa tano, na sasa umeshuka mpaka kooni.

Uliniomba nikueleze kila kitu tangu mwanzo, kwa sababu barua zangu za nyuma zilikuwa fupi. Zilikuwa fupi kwa sababu niliona aibu. Leo nakuandikia yote.

Ilianza Novemba, Elias akiwa na wiki tatu. Balozi akawa anaacha chakula nusu, anajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, udenda unamtoka. Siku moja nikaona damu kidogo kwenye mifupa yake ya mapanki. Nikajua ni mwiba. Wewe ungejua nini kingine? Mbwa wa Kirumba, miaka kumi na miwili anakula mifupa ya sangara, halafu anakuna mdomo! Nikafanya alivyotufanyia Baba sisi wote. Nikafinyanga tonge la ugali wa baridi, nikamsukumia kooni alimeze bila kutafuna. Kesho yake tena. Nikampigia Mama simu, akasema, "Tonge lako ni dogo, mwanangu waitu, ongeza. Halafu mpe na ndizi mbivu." Nikaongeza. Ngosha akamulika kwa tochi ya simu, akaona fizi imevimba, akasema mwiba umezama ndani na umetunga usaha, utajitoa wenyewe.

Miezi mitatu, Nathaniel. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya na mwingine ananivuta sketi, na kila asubuhi nilikuwa namsukumia matonge mbwa mwenye kansa mdomoni. Na yeye alikuwa anafungua kinywa. Aliona mkono wangu unakuja na tonge, akafungua. Hilo ndilo linalonimaliza.

Wakati wa Krismasi nilikuandikia kwamba Balozi amekwamwa na mwiba, ukajibu nimwambie apunguze uroho. Usiirudierudie sentensi hiyo huko kanisani kwenye nyumba yenu ya watawa. Mimi nilikuwa namwona kwa macho, wewe ulikuwa na karatasi yangu tu.

Mwezi wa pili ndipo nikampeleka kwa Daktari Rebeka, yule wa mifugo. Zaidi anatibu ng'ombe na kuku, lakini ana mkono mwepesi. Alimfungua kinywa, akamulika. Halafu akauliza, "Mlikuwa mnampa dawa gani?"

"Matonge ya ugali."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema tu kwamba wagonjwa wake wengi wa ukanda huu wa ziwa huja na mwiba ambao si mwiba, na wote wamechelewa.

Operesheni ilifanyika wiki ileile. Alipewa nusu kaputi, Ngosha akamshika miguu mpaka alipolala. Daktari akatoa uvimbe pamoja na meno manne na kipande cha taya. Kinyama kidogo kikapelekwa Morogoro, kwenye chuo cha mifugo, kupimwa. Balozi alirudi nyumbani ndani ya kreti la samaki ambalo Ngosha alilitandikia shuka, tukampandisha ngazi zote hizo yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, Elias mgongoni. Uso ulikuwa umebonyea upande wa kushoto na ulimi unaning'inia. Nice akamwangalia muda mrefu, akasema, "Mama, Balozi anacheka upande mmoja."

Mzee Luhende, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja kumjulia hali. Unakumbuka alivyonuna mwezi mzima ulipomwita mbwa jina la cheo chake, eti kwa sababu kila asubuhi mbwa huyo alikuwa anazikagua nyumba zote kumi kabla ya kunywa uji. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye ndoo, akamwambia Balozi usoni kabisa, "Mimi balozi niliyechaguliwa na watu, ngiri yangu ina miaka sita haijaona kisu. Wewe wa kubandikwa jina tu umepasuliwa na daktari mwenye miwani!" Tulicheka wote. Kisha akatoa mfukoni ini la kuku limefungwa kwenye karatasi, akalikatakata mwenyewe vipande vidogo vidogo kwa wembe.

Mwezi wa tatu ulikuwa mzuri, hilo sikukudanganya. Alikula. Alianza tena ziara zake, ingawa alikuwa anafika nyumba ya tatu anageuka. Majibu ya Morogoro yakaja yakasema kansa, ya aina mbaya. Lakini mbwa alikuwa anatembea, nikasema karatasi na zibaki kuwa karatasi. Ndiyo maana barua ya Pasaka ilikuwa na furaha. Nisamehe kwa ile barua. Imekufanya uamini.

Sasa nikwambie alivyo leo. Kinywa hakifungi. Anakunywa uji wa dagaa kwa bomba la sindano, namwekea pembeni ya shavu kidogo kidogo, na mwingi unamwagika. Mbavu unazihesabu. Kidonda kinanuka, hata nikikiosha kwa maji ya chumvi baada ya nusu saa kinanuka tena. Nzi hawamwachi. Na yeye amehama mlangoni. Unajua hajawahi kulala mahali pengine tangu umlete. Amehamia nyuma ya simtanki la maji, huko hakuna mtu anayepita, kama mtu anayejua ananuka na hataki kuwaudhi watu. Namfuata hukohuko. Nikimaliza kumuogesha Elias nachukua beseni jingine namuogesha yeye. Mkia bado anaupiga chini akinisikia. Mara moja, mbili, basi.

Ndipo ikaja barua yako ya mwezi huu. "Dada, msimguse mpaka nije Septemba. Mwambie nakuja." Nilikutii. Nilichuchumaa pale nyuma ya simtanki nikamwambia, "Balozi, Nathani anakuja." Jina hilo bado analijua. Aliinua masikio yote mawili, akajaribu kunyanyuka, akatazama kule kwenye ngazi. Alitazama kwa muda, Nathaniel. Nikaona nimemdanganya mgonjwa. Sitarudia.

Daktari Rebeka anasema njia iko moja, kumpeleka Morogoro akatolewe taya la chini upande mzima. Nikamuuliza atapata muda gani. Akasema labda miezi miwili. Nikamuuliza hiyo miezi miwili itakuwa mizuri? Akavua miwani akaifuta, akasema, "Itakuwa ya kwako na ya ndugu yako. Ya kwake haitakuwa." Basi nikaelewa.

Jumamosi hii asubuhi anakuja nyumbani kumchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Nimeamua mimi. Ngosha ameniachia, Mama ameniachia, na wewe sikukuuliza. Barua hii naipeleka posta kesho, na kwenu barua mnagawiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo utakapofika kwenye mstari huu itakuwa Julai, naye atakuwa chini ya udongo wiki mbili. Nimelifanya kwa kujua. Ngosha alitaka nimpigie simu Padre Mlezi wenu akuite. Nikamkatalia. Ungeambiwa kwenye korido, umesimama, watu wanapita. Na ungeomba ruhusa, na ukinyimwa ungetoroka, maana nakujua, na safari ni siku mbili, na ungemkuta bado yupo ukaniomba wiki moja, halafu nyingine. Nisingeweza kukukatalia uso kwa uso. Kwenye karatasi naweza.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nina mgongo wa kubeba. Ila usimtafutie Mungu lawama kwa hili, na usije ukaacha unovisi eti kwa sababu hukuwepo. Ungekuwepo na wewe ungempa tonge. Sisi sote tungempa tonge.

Kumzika hapa haiwezekani. Unajua mlima wetu, ukichimba kiganja kimoja unagonga jiwe. Wengine mbwa wao huwatupa huko ziwani, mimi siwezi. Ngosha amezungumza na mama yake, shamba lao la Kamanga lina udongo laini. Mama mkwe akasema kwenye simu, sauti ya juu mpaka Nice akasikia, "Mbwa azikwe? Na shuka? Haya mleteni, lakini padri msije naye, nitawafukuza wote!" Baadaye akapiga tena kuuliza shimo liwe na kina gani. Kwa hiyo Jumamosi tutavuka na kivuko cha saa nne, yeye kwenye kreti lake. Ukija Septemba nitakuonyesha. Ni kando ya mihogo, mahali penye kisiki.

Nice nimemwambia ukweli. Nimemwambia Jumamosi Balozi atalala na hataamka, na kwamba daktari atamsaidia kulala. Akauliza kama Elias naye akilala daktari atakuja. Nikaona nimelisema vibaya, nikaanza upya. Nikasema atakufa. Alikwenda akahesabu kokoto mbele ya nyumba, akarudi na kokoto kumi na mbili, moja kwa kila mwaka wa Balozi. Ziko kwenye kikombe dirishani, anasema zitasafiri naye kwenda Kamanga.

Mama anakusalimu sana, anasema usimwandikie habari za mbwa, mwandikie kama unalala vizuri. Lakini juzi aliniuliza kwa simu, "Lile tonge mimi ndiye nilisema uongeze, siyo?" Nikamwambia sikumbuki. Ukimwandikia na wewe usikumbuke. Ngosha anakusalimu, na Mzee Luhende pia, ambaye ameomba Jumamosi awepo. Anasema cheo hakiagwi na watu wasio na cheo. Nice anakusalimu, na Elias angekusalimu kama asingekuwa anatafuna kona ya karatasi hii. Utaiona. Wasalimie wenzako wa unovisi na Padre Mlezi, mpe shikamoo yangu.

Mungu aliyekuita akutunze hukohuko alikokuita, akupe usingizi, na siku utakayopata barua hii akupe kazi ya mikono, jembe au ufagio, usikae bure.

Jambo la mwisho. Ijumaa jioni nitapitia Mwaloni nimnunulie Balozi mnofu wa sangara, siyo mapanki. Miaka yote hii hajawahi kuonja mnofu, sisi tulikula nyama yeye tukamwachia mifupa. Nitauchemsha mpaka ulainike kabisa, niusage uwe kama chakula cha Elias. Lakini kabla ya kuusaga nitaupitisha wote kwenye vidole vyangu, kipande kwa kipande, nitoe miiba yote. Najua haukuwa mwiba. Nitaitoa tu.

Nakukumbatia, mimi dada yako akupendaye hata pale anapokukatalia,

Kokulinda